Kifuta Jasho cha Mzee Glyn

Raya mwanangu,

Sijui nianze na salamu ipi, maana wiki zote hizi mimi na wewe tumekuwa tukipishana kwenye ngazi kama wapangaji. Basi nakusalimu kwa maandishi. Nimekaa ndani ya boza langu la maziwa, kwenye foleni ya kiwandani, nasubiri tangi lioshwe. Kesho asubuhi wewe unaondoka, na nimeona niandike sasa hivi, kabla sijafika nyumbani nikaanza tena kiburi changu.

Kesho unakwenda Herefordshire, kwenye shamba la Mzee Glyn, kukamua ng'ombe na kukaa huko huko. Mimi nilikwambia mezani, mbele ya mama yako, kwamba ukienda utakwenda bila radhi yangu. Najua Kiswahili changu kingi kinakupita, lakini neno hilo halikukupita, niliuona uso wako. Uliweka kijiko chini, ukanijibu kwa Kiingereza chako kwamba utasikitika, lakini utakwenda. Tangu siku hiyo mama yako ananipikia vizuri na kusema nami vibaya. "Mtoto hatoki nyumbani bila radhi ya wazazi," ananiambia. "Yangu ameshaipata. Yako unamwekea nani?" Mimi nakunywa chai yangu.

Mambo ya kila siku siyagusi. Mama yako ameshakufungia bizari, ameshakununulia mitandio isiyonasa kwenye mashine, na ameshakufundisha namna ya kuomba nafasi ya kusali. Mimi nataka kukwambia kwa nini nilisema vile, na kitu nilichokiona kwenye shamba lile wakati wa korona, ambacho mpaka leo kikinijia barabarani napunguza mwendo.

Nimezaliwa Pemba, kwenye karafuu. Wewe karafuu unaijua kwenye pilau. Sisi tuliijua kwa kucha. Msimu ukifika skuli inafungwa, nyumba nzima inahamia mitini, na jioni tunakaa uani kuchambua mpaka kidole gumba kinakuwa cheusi. Mikono inanuka karafuu hata ukiwa umelala. Kisha zinaanikwa kwenye majamvi, na babu yako anakaa kuangalia mawingu kama mtu anayesubiri hukumu yake. Zikikauka anazipeleka kituoni, na bei anaambiwa. Hakuulizwa, aliambiwa. Siku hizo kuzipeleka pengine ni magendo, na magendo ni jela. Basi sisi serikali tuliijua hivyo, ni mtu anayekuja ukishamaliza kazi. Nikaapa, na umri wangu mdogo vile, kwamba mwanangu hatashika shamba.

Ndiyo maana nilipofika Birmingham nilifanya kila kazi isiyo na udongo. Nilifungasha vidani kwenye karakana moja ndogo ya Hockley, nikaendesha basi mpaka mgongo ukakataa, kisha nikapata leseni ya magari makubwa na hii kazi ya boza la maziwa. Cheka kama unataka. Mtu aliyekimbia mashamba akawa anayazunguka kutwa, na mama yako hakuacha kunitania kwa hilo. Nikajitetea, mimi dereva, mimi si mkulima. Nafika, nanusa maziwa kwenye tangi lao la baridi, natazama joto lake, nachota sampuli, nachomeka bomba, naondoka. Ng'ombe wenyewe niliwaona kwa mbali, na kwa mbali ndivyo nilivyotaka.

Ikaja korona. Wewe umefungiwa chumbani na masomo yako kwenye kompyuta, Handsworth yetu imenyamaza, hata barabarani Soho Road unasikia ndege. Mimi nilikuwa miongoni mwa wachache walioruhusiwa kutoka. Ilikuwa Ramadhani. Siku moja nimeingia uani kwa Mzee Glyn, nimeshashuka, nimeshanusa, simu ya ofisini ikanifikia: usipakie. Mikahawa imefungwa, hoteli zimefungwa, maziwa hayana pa kwenda. Mzee Glyn naye walikuwa wameshampigia. Alikuwa amesimama karibu na tangi, mtu mrefu mwenye nyusi nyeupe, na tangu nianze kwenda kwake hatukupata kuzungumza zaidi ya mvua na jua. Akainama, akafungua koki.

Raya, sijapata kuona kitu kama kile. Maziwa yalitoka kwa kishindo, meupe pepepe, yanatoa povu, yakatambaa kwenye sakafu ya saruji mpaka kwenye shimo la mavi. Koo langu limekauka kwa saumu, na mbele yangu maziwa yanapita kama maji ya mvua. Wala hayakuwa na kasoro, pua yangu mwenyewe ndiyo shahidi. Nikasema astaghfirullah kwa sauti, na Mzee Glyn akageuka kunitazama.

"Huwezi kuwasimamisha kidogo?" nilimuuliza. Nilikuwa nafikiri kwa akili ya karafuu. Karafuu, bei ikiwa mbaya, unaweza kuziacha mtini.

"Kumsimamisha nani?"

"Ng'ombe."

Hakucheka. Alisema, "Nisipowakamua jioni wataumwa. Hawajui kama kuna ugonjwa. Wao wana maziwa tu."

Nikarudi na maneno hayo mpaka nyumbani. Miaka yote nimebeba maziwa nikidhani nabeba bidhaa, kitu kilichotengenezwa kwa sababu kuna mtu amekiagiza. Kumbe kuna viumbe wanatoa, asubuhi na jioni, awepo mnywaji asiwepo. Mama yako alikuwa ameniwekea maziwa ya kufuturia. Nilikula tende, nikanywa maji, yale maziwa sikuweza kuyagusa. Aliniuliza kama naumwa, nikamwambia naona haya.

Haukupita muda mrefu serikali ikatangaza kwamba wafugaji waliopoteza mauzo watapewa fedha. Mzee Glyn ndiye aliyenipa habari, yeye mlangoni, mimi kwenye ngazi ya boza, kwa umbali ule tulioamriwa. Na mimi, mshauri mkubwa, nikamwambia asizichukue.

"Kwa nini?"

"Leo wanakupa. Kesho watakuja kukuhesabia ng'ombe. Keshokutwa watakwambia uuze kwao tu, kwa bei yao."

Alinitazama, akakuna nyusi. "Ng'ombe wetu wamekuwa wakihesabiwa tangu enzi za babu yangu," akasema, akaenda zake.

Akaomba, na baada ya wiki kadhaa fedha zikaingia. Hakuja askari, hakuja mtu na mzani, hakuna aliyepigiwa magoti. Nilipigwa na bumbuwazi. Nikamwona babu yako amesimama kituoni na magunia yake, na nikashindwa kabisa kumweleza, hata kwa kumfikiria tu. Nikampigia simu shangazi yako Bimkubwa, Pemba, kwa sababu jambo kama hili haliwezi kukaa kifuani mwa mtu mmoja.

"Wamelipwa maziwa waliyoyauza?" akauliza.

"Hapana, dada. Waliyoyamwaga."

"Aliyewalipa ndiye aliyeyanywa?"

"Hakuna aliyeyanywa."

Akasema, "Hebu anza tena, polepole."

Nikaanza tena, na alipoelewa tukashikwa na kazi ya kutafuta fedha zile zinaitwaje. Nikasema fidia. Akakataa, fidia anatoa aliyekosa, na maradhi hayakuletwa na serikali. Nikasema msaada. Akakataa, msaada anapewa asiye na kitu, na huyu ana zizi zima. Mwisho akasema, "Hicho ni kifuta jasho, basi."

Neno hili lishike vizuri, Raya, na kama halikukaa muulize mama yako. Kule bara, tembo wakiingia shambani wakala mahindi ya mtu, serikali humpa mwenyewe kifuta jasho. Haimlipi mahindi yote. Inamwambia, tumeona ulivyohangaika. Lakini tembo akiua mtu, watu wake hupewa kifuta machozi. Ni maneno mawili yanayofanana, na ole wako uyachanganye, maana ukimwambia mtu habari ya kifuta machozi umemwambia ana msiba.

Nililipenda neno lile. Nilikuwa nimepangiwa njia nyingine kwa muda, na siku niliyorudishwa kwa Mzee Glyn nilikwenda nalo mdomoni njia nzima, nalipangia Kiingereza chake, nataka nimpe kama zawadi. Nikamkuta bandani anaosha sakafu kwa mpira wa maji. Nikapaza sauti kutoka mlangoni, kwa Kiingereza changu unachokijua, nikamwambia nimefurahi sana, nasikia serikali imekufuta machozi.

Nilisikia nimekosea pale pale lilipotoka. Lakini nikajiambia, ah, kwa huyu jasho na machozi yote sawa, atajua ni lugha tu. Mzee Glyn akafunga maji. Akavua kofia.

"Nani amekwambia?" akauliza.

"Ameniambia nini?"

"Habari ya Maureen."

Maureen alikuwa mke wake. Ni yule mama aliyekuwa akinipungia mkono kutoka dirisha la jikoni, na mimi siku ile nilikuwa sijatanabahi kwamba dirisha halina mtu. Korona ilimchukua hospitalini, na mumewe hakuruhusiwa kuingia kumuaga. Mazikoni walisimama watu wa kuhesabika, kila mmoja mbali na mwenziwe. Tangu hapo hakumwambia mtu isipokuwa wanawe walioko London, kwa sababu hakujua aanze vipi. Sasa akanieleza mimi, dereva wa boza, mtu wa mvua na jua, kwa kuwa nimekosea neno. Alilia, mwanangu. Mtu mzima yule analia, mimi siwezi hata kumsogelea nimshike bega, nimesimama na bomba mkononi na machozi yangu yanaingia kwenye barakoa.

Sijui kwa nini nilimuuliza hili, lakini nilimuuliza nani alikamua siku aliyofariki.

"Mimi," akasema. "Simu ilikuja alfajiri. Nilipotoka nje ng'ombe walikuwa wameshajipanga."

Subhanallah. Mtu ameweka chini simu ya namna ile, akaenda akawasafisha chuchu, akawafunga mashine, akakamua mpaka wa mwisho. Mchana akaja dereva mwenzangu akayapakia, wala hakujua amebeba nini, na sisi huku mjini tukayatia kwenye chai. Kila nikilifikiria hilo mwili unanisisimka. Sina fundisho nalo. Nakusimulia kwa sababu kesho ndiye utakayekuwa ukifanya naye kazi, na yeye mwenyewe hatakusimulia.

Fedha zile hazikumtajirisha. Baadaye aliniambia kwamba mtu wa mnada alikuwa ameshakuja kuwaangalia ng'ombe, na Maureen, akiwa bado mzima, ndiye aliyekataa wauzwe. Kifuta jasho kilitosha kununua chakula chao mpaka mikahawa ilipofunguliwa, basi. Ng'ombe utakaowakamua wewe ni wale wale, na wengine ni watoto wao. Nikastaajabu tena. Mimi nakatwa kodi kila mwezi na kila mwezi nanuna, unanijua. Kumbe katika kununa kwangu kuna punje yangu iliyokwenda kumfuta jasho mtu nisiyemjua sawasawa, na ng'ombe wake wakabaki. Pemba niliijua fedha ya mkulima ikienda serikalini. Sikupata kuiona ikirudi, ikawa ina pembe na mkia na inacheua.

Yaliyofuata unayajua, lakini hujui nilivyoyaona mimi. Mambo yalipofunguka Mzee Glyn akatualika, na mimi nikawapeleka kwa kujionyesha, muone ninakopita. Mama yako hakutoka kwenye saruji, kwa ajili ya viatu vyake. Wewe ukaingia bandani, na kulikuwa na ng'ombe anazaa. Ulipotoka umechafuka mpaka kwenye mtandio na huongei. Nikadhani umechukia, nikafurahi kwa siri. Njia nzima hukusema kitu. Tumefika kwenye taa za Soho Road ndipo ukasema, tena kwa Kiswahili, wewe ambaye Kiswahili hukitoa kama mtu anayetoa jino, "Baba, alisimama mwenyewe." Ulikuwa unamsema ndama.

Hapo ilinipasa nijue, lakini nilijifanya sikusikia. Ukaenda chuo cha kilimo, nikajipa moyo kwamba utakuwa mtu wa ofisini, utavaa viatu safi na kuwaambia wengine la kufanya. Mzee Glyn alipotafuta mtu wa kumsaidia ukamwandikia mwenyewe, bila kunishauri, na mimi nikalisikia jambo hilo mezani, mdomo umejaa wali. Ndipo nikasema nililosema. Nilikuangalia wewe nikaona kidole gumba changu cheusi. Sikukuona wewe hata kidogo. Mimi shamba nilipelekwa, sikuulizwa. Wewe umelichagua, na mtu aliyechagua haamki kama anavyoamka aliyeamshwa. Nilihitaji wiki zote hizi kuelewa kitu chepesi hivyo, na babaako anajiona ana akili.

Leo nimepakia kwa Mzee Glyn. Amezeeka, magoti yanamsumbua, na wanawe hawarudi. Nikiwa nafunga bomba akaniuliza, "Utamleta mwenyewe kesho?"

Nikamwambia utakuja kwa basi kutoka kituo cha Digbeth, mimi nina kazi. Uongo mtupu, kesho ni mapumziko yangu, na nadhani alijua.

"Maureen alikuwa mtoto wa Birmingham, ulijua?" akasema. "Baba yake alikuwa msimamizi wa kiwanda, hiyo hiyo Digbeth. Hakutaka binti yake aje kukanyaga matope. Siku tulipooana alimleta mpaka getini, akateremsha sanduku, akageuza gari."

"Hakuja tena?"

"Alikuja sana. Anapiga honi getini, Maureen anatoka, wanazungumza ndani ya gari. Ikinyesha wanafunga vioo."

"Mpaka lini?"

"Hakupata kuingia," akasema. "Maureen alikuwa hodari kuliko mimi kwenye ng'ombe. Mzee wake hakumwona hata mara moja akikamua." Akanipa mkono, akaingia ndani kunywa chai yake.

Nimeendesha kutoka pale mpaka hapa na ile honi iko masikioni. Huyo mzee hakuwa mbaya, Raya. Alikuwa akija. Ndicho kinachonitisha, kwamba mtu anaweza kumpenda mwanawe, akateketeza petroli yote ile, akafa hajui mwanawe anafanya nini na mikono yake.

La kukuusia ninalo moja tu, na si la hekima. Sema. Wewe husita kusema Kiswahili kwa kuogopa kuchekwa, na huko uendako utakuwa mgeni wa lugha yao ya mashamba pia, kuna maneno ya ng'ombe hata Kiingereza chako cha Handsworth hakiyajui. Utakosea, na wengine watacheka. Kosea tu. Mimi ningelisema sawasawa siku ile, Mzee Glyn angelinishukuru, angelifungua maji yake akaendelea kuosha sakafu, na mpaka leo tungelikuwa watu wa mvua na jua. Sikuwahi kumweleza kwamba niliteleza ulimi. Ukitaka, mweleze wewe, sasa anaweza kucheka.

Wananipungia mkono nisogeze gari, kwa hiyo nasema lililobaki. Basi la Digbeth litakwenda bila wewe. Nitakupeleka mimi, na sitasimama getini. Nitaingia mpaka bandani, na utanionyesha pa kusimama nisipigwe teke, kisha utakamua nikuone. Nitakaa mpaka umalize ng'ombe wa mwisho.

Barua hii nitaitia kwenye sanduku lako, uisome ukishafika. Lakini lile neno unalolingoja sitaki ulikute kwenye karatasi. Radhi hutolewa kwa mdomo, mzazi anamtazama mtoto. Nakuja nyumbani sasa hivi. Kama umelala nitakuamsha.

Babaako